Umeme hautegemeani na mwelekeo

Msomaji anayefundisha fizikia ananiuliza kama sentensi hii imekaa sawa: "Upitaji wa umeme katika matabaka ya grafini yaliyosokotwa unategemeana na mwelekeo." Anatilia shaka "yaliyosokotwa".

Ana haki. Kinachosokotwa ni uzi au kamba. Grafini (jina limetokana na grafiti, nayo grafiti na neno la Kigiriki la kuandika) ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Tabaka moja hulazwa juu ya jingine likiwa limezungushwa kidogo. Andika "yaliyozungushwa", yaishe.

Kinachonikera mimi ni "unategemeana na". Kila taarifa ya habari siku hizi ni "itategemeana na hali ya hewa", "itategemeana na bajeti". Hiyo ni kauli ya kutendana: pendana, saidiana, pigana. Inadai wawili, kila mmoja amtende mwenzake. Jahazi hutegemea upepo. Je, upepo hutegemea jahazi? Nahodha asipotweka tanga, alale bandarini mwezi mzima, kaskazi itavuma vilevile. Anayesema safari ya jahazi inategemeana na upepo ameipa kaskazi shida isiyokuwa nayo. Najua nitatajiwa "kulingana na" na "kutokana na". Hizo zimeshaganda na zina kazi yake. "Kutegemea" inajitosheleza, haihitaji mkongojo.

Turudi kwenye grafini. Mwaka 2018 kundi la mwanafizikia Pablo Jarillo-Herrero, chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilionyesha kwamba matabaka mawili yaliyopishana kwa pembe ya nyuzi 1.1 hivi, yakipozwa mno, yanaweza kupitisha umeme bila ukinzani. Mwaka 2022 ikaripotiwa kwamba katika matabaka matatu, mkondo wa kiasi kilekile unaweza kupita bila ukinzani ukielekea upande mmoja, ukigeuzwa ukakumbana nao, na hakuna sumaku iliyowekwa karibu. Umeme ndio unaobadilika kwa kufuata mwelekeo. Mkondo ukizimwa, pande za grafini zipo palepale.

Yanayotegemeana kweli ni matabaka yenyewe: yakiwa mawili, ruwaza kubwa (mchoro unaojirudia) inayobadili mwendo wa elektroni huzaliwa na yote mawili, na ukiondoa moja, inatoweka. Mazungumzoni nimeshachoka kugomba, ila kwenye kitabu cha sayansi sikubali. Andika: "Upitaji wa umeme katika matabaka ya grafini yaliyozungushwa hutegemea mwelekeo."