Dodoso baada ya kolonoskopi

SWALI: Siku moja baada ya kolonoskopi (kuchunguza utumbo mpana kwa kamera) tunawatumia wagonjwa dodoso kwenye simu. Karibu wote hujibu "sijambo". Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Utumbo ukitoboka, dalili kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 2, lakini pale polipu (kinyama kilichoota ndani ya utumbo) ilipokatwa panaweza kuvuja damu hata wiki 2 baadaye. Tumeni tena siku ya 14 na ya 30. Msiulize "Ulipata madhara?", swali hilo halina maana kwa mgonjwa. Ulizeni: "Ulipoenda haja kubwa, damu ilikuwa matone, kijiko, au zaidi? Ulilazwa hospitali nyingine?" Asiyejibu apigiwe simu; huenda yuko wodini, nanyi mnamhesabu mzima! Na juu kabisa muandike: maumivu makali, homa au damu nyingi, nenda hospitali sasa hivi, dodoso utajaza baadaye.