Barua kwa mwanangu kuhusu umeme wa ugenini

Mwanangu,

Umeniuliza utie saini mpango gani wa umeme huko ugenini: wa bei iliyofungwa kwa miaka 2, au wa bei inayopanda na kushuka na soko. Kisha mwishoni ukagusia kwamba upo na wa tatu, wa bei nafuu usiku, ukauacha hapo. Jicho langu limenasa hapo hapo.

Ijue nyumba yako kwanza. Najua umechoka kunisikia nikilisema hili, lakini lina mahali lilipotoka.

Tulipokuwa ugenini sisi, kabla hujazaliwa, nilichukua huo wa usiku. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Mimi na mama yako tulitoka alfajiri na kurudi giza limeingia, tanki la maji ya moto likachemka usiku, nguo tukafua usiku, bili ikashuka. Nilijiona nimeumaliza mchezo. Sikuwaza kwamba nafuu ya usiku hufidiwa mchana: uniti ya mchana ilikuwa ghali kuliko ya jirani mwenye bei moja kutwa kucha.

Ukazaliwa wewe, katikati ya baridi. Mama yako akawa nyumbani mchana kutwa na ile hita ya wati 2000. Saa 8 za hita hiyo ni uniti 16, zote za mchana. Bili ilipokuja sikusema neno, asubuhi niliizima hita nikaenda kazini. Jioni nilimkuta mama yako amevaa koti langu kubwa, na wewe umo ndani ya koti. Hakunilaumu siku ile, wala hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma. Kuhama mpango nako kulikuwa na faini, kwenye ukurasa ambao sikuusoma.

Sasa hiyo miwili yako. Bei iliyofungwa hukupa usingizi, ingawa kinachofungwa ni bei ya uniti, si bili. Ukitumia zaidi utalipa zaidi. Soko likishuka, wewe unabaki pale pale. Na umeniandikia kwamba hujui kama kazi itakuweka hapo zaidi ya mwaka, basi miaka 2 ya nini? Hapo nauelekea ule wa soko. Halafu naukumbuka mshahara wako, nawaza mwezi mmoja wa baridi bei ikiwa juu, narudi kwenye kufunga. Hapana, hata hivyo siwezi kukufungia kitu nisichokijua. Ijue nyumba yako kwanza.

Tazama na ile ada inayolipwa hata taa zote zikiwa zimezimwa. Kwa mtu anayeishi peke yake na kutumia kidogo, uniti rahisi yenye ada kubwa inaweza kumtoza zaidi kuliko uniti ghali yenye ada ndogo. Na usikubali bili ya makadirio ikiwa mita unaiona kwa macho yako. Ulipokabidhiwa funguo uliipiga picha? Kama hukuipiga, ipige leo.

Ulimi unaniwasha kukutajia mpango mmoja, na ninao tayari kichwani. Sitautaja. Hata siku ile ya bahasha nilikuwa na hakika kama niliyonayo sasa. Kwa siku 7, soma mita asubuhi kabla hujatoka na jioni ukirudi, uandike namba, nasi tutaona mchana unakula ngapi na usiku ngapi. Nitumie namba hizo pamoja na ukurasa wa mkataba unaotaja faini ya kuvunja kabla ya muda, tuutazame pamoja, nami safari hii nitausoma wote.

Na kama kuna baridi hapo unaposoma barua hii, washa hita. Bili ikija, niandikie.

Baba yako