Puti haitibu kutu: maswali yenu kuhusu magari ya zamani

Shikamoo fundi. Baba ameniachia Land Rover Series III, ile ndefu ya 109. Kila mtu ananiambia bodi ni alumini, haishiki kutu. Mbona nikikanyaga klachi naona barabara chini? (Sanya Juu)

Marahaba, mwanangu. Walichokuambia ni nusu tu. Fenda, mabati ya nje ya milango na kasha la nyuma la mizigo ni alumini, lakini chesisi (fremu ya chini inayobeba gari zima), fremu za milango na ule ukuta kati ya injini na kabini ni chuma. Pale unapoweka miguu ni sehemu ya ukuta huo, na matope yakikaa kwa ndani huoza kwanza. Tena alumini yenyewe haijasalimika: inapogusana na chuma penye maji, yenyewe ndiyo huliwa. Fungua boliti za fenda uangalie. Ukikuta unga mweupe, ndio huo. Ukirudishia, paka rangi pande zote mbili na uweke kitu cha kuzitenganisha.

Kabla hujanunua hata karatasi moja ya msasa, ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesisi yote, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa, na unga mwekundu hudondoka kwenye matundu. Chesisi hiyo ni boksi na huoza kutokea ndani, kwa hiyo rangi nzuri ya nje isikupe moyo. Ikibonyea, hiyo si kazi ya kujifunzia. Mpe fundi mzoefu wa kuchomelea, wewe ubaki na bodi.

Hilux yangu ya zamani nimeinunua Tanga, fenda ina tundu la kupitisha ngumi. Fundi wa mtaani anataka kuweka wavu na puti. Nikubali? (Majengo, Moshi)

Usikubali, tafadhali. Puti ni ya kusawazisha bati zima, si ya kuziba tundu. Inanyonya maji, na kutu iliyobaki chini yake inaendelea kula. Masika ya kwanza utaona malengelenge. Na gari lililoishi na upepo wa bahari lina kutu nyingi kuliko unayoiona, kwa hiyo kagua na fenda za upande wa pili.

Kata mpaka ukute bati linalong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa mara mbili. Chora kiraka kwenye karatasi ya boksi kwanza, kisha kata bati la unene uleule. Kwa fenda, bati la geji 20 (geji ni kipimo cha unene) hufaa mara nyingi. Fimbo za kawaida za kuchomelea hutoboa bati jembamba, hivyo tafuta gereji yenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya na gesi. Chomelea doti moja hapa, nyingine upande wa pili, usubiri mpaka papoe pagusike kwa mkono. Anayeunganisha mstari mzima kwa mkupuo hupinda bati, na hapo ndipo puti nyingi huanza kuhitajika. Chomoa nyaya za betri kabla ya kuanza. Kisha saga, piga praima (rangi ya msingi), halafu puti nyembamba, isizidi milimita 3. Upande wa ndani wa kiraka nao upakwe. Wengi huusahau, na kutu hurudi kupitia huko.

Asidi ya betri inaondoa kutu? (Arusha mjini)

Inakula hadi chuma kizima, na macho yako. Tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, baada ya kusugua kwa brashi ya waya.

Tangi la petroli linavuja. Nikiliosha kwa sabuni naweza kulichomelea? (Usa River)

Hapana. Mvuke hubaki kwenye kona na mikunjo, na ndio unaolipuka, si petroli ya maji. Tafuta tangi jingine.

Nipige rangi mwezi gani, na naweza kubadili ile ya zamani? (Njiro)

Epuka masika, Machi hadi Mei, na asubuhi za ukungu za Julai: unyevu huipa rangi wingu jeupe. Usiliache gari na praima tupu likisubiri jua, kwani praima nyingi hupitisha maji. Mwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie. Rangi mpya ruksa, lakini kadi ya gari imeandikwa rangi, kwa hiyo nenda TRA ukabadilishe. Na unaposaga chesisi, namba iliyogongwa pale usiiguse.