Maswali yenu ya gemu: Mario angani, utamu wake na kasoro zake

Tangu Nintendo irudishe Super Mario Galaxy na ya pili yake sokoni Oktoba 2025, safari hii kwenye konsoli yake ya Switch, wasomaji wa hapa Lubumbashi wananiuliza habari zake kuliko gemu nyingine yoyote. Nami nilidhani mji huu unacheza mpira tu! Nimechukua maswali machache.

Mtoto wangu anataka ile ya Mario angani. Nimeambiwa ni ya 2007. Kwa nini nitoe dola kwa kitu cha zamani hivyo? (Mama, Kampemba)

Mama, gemu haiozi. Hii ilitoka Novemba 2007 kwenye Wii, konsoli ya zamani ya Nintendo, chini ya uongozi wa Yoshiaki Koizumi, na mpaka leo sijaona gemu ya kuruka na kukimbia yenye ukarimu wa mawazo kama huu. Unatua kwenye kisayari kidogo chenye upana wa sebule. Unakizunguka chote kwa hatua chache, kichwa juu, kichwa chini, na huanguki, kwa sababu kila kisayari kinamvuta Mario kwake. Ukishazoea, unarushwa kwenye kingine chenye sheria tofauti kabisa: hapa unateleza juu ya barafu, pale umevaa vazi la nyuki unaruka mpaka nguvu zinakwisha. Wazo moja lingewatosha wengine gemu nzima. Hawa wanalitumia dakika tano wanalitupa.

Na muziki, mama, ndio utakaoupenda wewe mwenyewe ukiwa jikoni. Mahito Yokota na Koji Kondo waliutunga, na nyimbo nyingi zimepigwa na okestra kamili, jambo ambalo gemu za Mario hazikuwa nalo kabla. Kwenye bustani ile ya upepo, Gusty Garden, hata asiyeshika rimoti anakaa kusikiliza.

Bei ya Marekani ni karibu dola 40 kwa moja, 70 kwa zote mbili. Ya dukani kwetu utapatana na muuzaji.

Rafiki yangu anasema kamera ya gemu hii ni mbovu na inatia kizunguzungu. Ni kweli au ana wivu? (Mwanafunzi, Katuba)

Ana haki nusu. Kizunguzungu kipo kwa baadhi ya watu, hasa saa ya kwanza. Mario akifika upande wa chini wa kisayari, kichwa kinaelekea chini ya skrini, kidole kinasita: kulia ni wapi sasa? Unasukuma, Mario anakwenda usikotaka, anaingia kwenye shimo jeusi, maisha yamekwenda. Baada ya muda mkono unajifunza wenyewe.

Kamera si mbovu, ila ni ya amri. Mara nyingi wamekuamulia utazame wapi, ukijaribu kuigeuza inakukatalia. Kwa upande mmoja naelewa: juu ya mpira unaozunguka, kamera huru ingekuwa vurugu. Lakini hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa gemu hii kwa maoni yangu, na hauishii kwenye kamera. Katika Super Mario 64 ya 1996 ulipewa uwanja, ukatembea, ukagundua mambo kwa njia yako. Hapa njia imepangwa: kisayari hiki, nyota ya kukurusha, kisayari kile, nyota kubwa uliyoijia, kwaheri. Inapendeza sana, ila unaongozwa kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Anayependa kupotea na kuchunguza atasikia njaa.

Halafu ni rahisi mno mwanzoni. Nyota ziko 120, lakini 60 zinatosha kumfikia Bowser, adui mkuu, kwa pambano la mwisho, na fundi anaweza kuzikusanya bila jasho. Ugumu wenyewe umefichwa nyuma, kwenye vimondo vinavyobadilisha sheria: kimoja kinakupa pigo moja tu, ukiguswa umekufa.

Nina wavulana wawili na wanapigana kwa ajili ya rimoti. Wataweza kucheza pamoja? (Papa, Bel-Air)

Wataweza, papa, lakini usitegemee amani. Wa pili hana Mario wake. Anaelekeza rimoti kwenye skrini, anaokota vipande vya nyota, anawarushia maadui, anawazuia wasisogee, mambo kama hayo. Kwa mdogo wa miaka minne au mitano ni kazi nzuri, anajiona anamsaidia kaka. Kwa wavulana wanaolingana umri ni matusi. Bora wapokezane kila nyota moja.

Huku kwetu umeme unakatika bila kupiga hodi. Nitapoteza kila kitu? (Kijana, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi)

Kaka, hapa gemu hii inatufaa kuliko nyingi. Kila ukipata nyota inahifadhi safari yako, na nyota nyingi hazizidi robo saa. Umeme ukikatika katikati, umepoteza nyota moja uliyokuwa unaitafuta. Kinachoudhi kwenye ile ya Wii ni kwamba maisha uliyokusanya hayahifadhiwi: uliacha na 30, ukirudi unaanza na machache yale yale ya siku ya kwanza. Kusema kweli haiumizi, maana maisha yametapakaa kila kona. Ndiyo maana najiuliza waliyaweka ya nini.

Konsoli yenyewe iweke kwenye stabilizateri.

Nimeona Wii ya mitumba kwa bei ya chini. Nichukue hiyo au ningoje Switch? (Yaya, Golf)

Yaya, kwanza uliza imetoka wapi. Wii inachagua diski kwa eneo: mashine ya Ulaya haisomi diski ya Marekani. Na adapta ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 220 za hapa, moshi. Chukua ya Ulaya, inatumia umeme kama wetu, na diski zake huwa na Kifaransa ambacho watoto wanasoma shuleni. Kama kile kijiti cha kuweka juu ya televisheni kimepotea, usivunjike moyo, kinatoa mwanga usioonekana tu, na mishumaa miwili iliyoachana kidogo inafanya kazi ile ile. Mishumaa najua mnayo.

Switch haibagui eneo, na picha yake ni safi zaidi. Lakini ukiishika mkononi, kuokota vipande vya nyota kunakulazimu uguse skrini huku vidole viko kwenye vitufe. Kero. Gemu hii ilizaliwa na rimoti ya Wii, na bado inaikumbuka.

Je, mvutano wa humo ni wa kweli? Nataka kuutumia darasani. (Mwalimu wa fizikia, Ruashi)

Mwalimu, wazo la kuvutwa kuelekea katikati ni sahihi, na picha ile itawafaa wanafunzi kuliko mchoro wa ubaoni. Vipimo ndivyo vya uongo. Chukua jiwe la duara lenye nusu kipenyo cha mita 10: mvutano wake ni mdogo kuliko wa dunia zaidi ya mara milioni moja. Kasi ya kutoroka, ile ya kuondoka usirudi tena, ni kama sentimita 1.3 kwa sekunde, yaani Mario akipiga chafya tu haonekani tena. Wape wanafunzi wakokotoe wenyewe, kisha waulize kisayari kile kingepaswa kuwa kizito kiasi gani ili arukavyo vile awe anarudi chini.

Ya kwanza au ya pili? (Dada, Kamalondo)

Ya pili, ya 2010, ina mawazo mengi zaidi, ni ngumu zaidi, na kuna Yoshi, dinosauri ambaye Mario anampanda. Ya kwanza ina Rosalina, mlezi wa nyota wadogo, ambaye kwa Kifaransa anaitwa Harmonie, na kitabu anachowasomea maktabani. Hadithi ya binti mfalme Peach kutekwa ni ile ile ya siku zote, lakini kitabu kile kina huzuni ya kweli. Anza na ya kwanza.

Nimekwama kwenye sarafu za zambarau za Toy Time. Nisaidie! (Mwanafunzi, Katuba, tena)

Kwenye Toy Time, ile dunia ya midoli, unatakiwa kuokota sarafu 100 kati ya 150 ndani ya dakika 3, kwa hiyo acha uroho, za pembeni ziache. Vigae vya kijani vinatoweka ukishavikanyaga, vya njano vinapinduka. Panga njia kabla ya hatua ya kwanza, na usirudi ulikopita.