Mifupa kabatini inafanya nini?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kasulu, anafundisha sayansi na Kiswahili, ametuuliza hivi: watoto wake wa darasa la sita wakiona ile picha ya skeletoni ukutani wanaiita "fuvu", yeye anawaambia "mifupa", kitabu kinasema "kiunzi cha mifupa", sasa lipi ni lipi? Halafu kuna mtoto kaandika kwenye insha "mgombea huyo ana mifupa kabatini", ampe maksi au asimpe?

La kwanza ni jepesi. Fuvu ni mfupa wa kichwa tu, basi, mtu mzima ana mifupa 206 na ukiita yote fuvu umeacha mbavu, nyonga na miguu nje. Mifupa ni mifupa, hata ikiwa imemwagwa kwenye gunia. Ikishikana ikasimamisha mwili ndiyo inakuwa kiunzi cha mifupa, na kiunzi ni neno la kwetu kabisa, limezaliwa na kuunda, ile d imegeuka z kama ilivyogeuka kwenye penda na mapenzi, linda na mlinzi. Mafundi wa majahazi wana mkuku, ule mti mrefu wa chini, na mataruma, zile mbavu za pembeni, kabla ya ubao wowote kupigiliwa, hicho ndo kiunzi cha chombo, na mataruma ndo jina lile lile la yale yaliyolazwa chini kubeba reli kutoka Tabora mpaka hapa Kigoma. Skeletoni yenyewe asili yake ni Kigiriki, maana yake kitu kilichokaushwa, yaani mwili wa mmisionari Livingstone uliokaushwa juani na watumishi wake akina Susi na Chuma wakaubeba kupitia Tabora mwaka 1873 ungekuwa skeletoni halali kabisa kwa Mgiriki wa kale. Na sisi mtu akikonda tunasema kakonda kama ng'onda, samaki mkavu, kwa hiyo Mgiriki na Mswahili walifika sehemu moja bila yeyote kumwigiza mwenzie.

Sasa hiyo ya kabatini, mwalimu, usitoe hata nusu maksi. Na simlaumu mtoto, maana kaisikia redioni na kaisoma magazetini, kila uchaguzi ukikaribia inarudi, fulani ana mifupa kabatini, chama kile kina mifupa kabatini, mwandishi kaikuta kwenye Kiingereza, ambako maana yake ni kuwa na siri ya aibu ya zamani, akaichukua nzima nzima bila kujiuliza msomaji wake ataona nini kichwani. Kabati la Mswahili liko sebuleni, lina vioo, ndani kuna glasi za wageni na sahani za sikukuu, kila anayeingia anayaona yote, hakuna sehemu mbaya ya kuficha kitu kama hiyo! Wenyewe wenye Kiingereza chao wanamaanisha kabati la nguo la chumbani, lenye mlango na giza, na aliyemo ndani ni maiti wa zamani ambaye ukoo mzima unajua na haumtaji. Kwao picha imekamilika. Ikifika kwetu inabaki maneno tu.

Tena ingekuwa maneno tu ningenyamaza. Mikoa yetu hii ya magharibi na ile ya kanda ya ziwa tumezika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya viungo vyao, makaburi yao yakalindwa yasifukuliwe, mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya hayo hayo. Sasa mwambie bibi wa Uvinza au wa Urambo kwamba mheshimiwa fulani ana mifupa kabatini. Hataelewa kwamba zamani alikula rushwa, ataelewa mifupa, na ataelewa ya mtu, na ana haki ya kuelewa hivyo kwa sababu sentensi ndivyo inavyosema. Mwandishi kamtuhumu mtu uchawi na mauaji wakati alitaka kusema tu kwamba ana siri ya aibu. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la ngeli, maana kosa la ngeli halimpeleki mtu polisi.

Na maneno tunayo, hiyo ndo inauma zaidi. Yule anayeficha tunasema anafunika kombe mwanaharamu apite, anayeyaibua ya zamani tunasema anafukua makaburi, na wanasiasa wetu wenyewe kila siku wanaombana "jamani tusifukue makaburi". Angalia hapo mifupa iko wapi, iko ardhini, sehemu ambayo sisi tunaweka mifupa. Ukitaka kusema wazi, sema ana doa, ana la kuficha, inatosha.

Kuna atakayesema mbona "kilimo ni uti wa mgongo" tunakubali na harufu ya Kiingereza inanukia? Nakubali, inanukia. Ila uti wa mgongo wa Mha na wa Mwingereza unafanya kazi ile ile, ukivunjika umelala, picha inafika salama, hiyo mi nimeshaacha kugombana nayo.

Mengine ya haraka, maana mwalimu aliuliza na matumizi mengine. Jengo lililobaki kuta bila paa ni boma, likitelekezwa ni pagale, usiite "mifupa ya nyumba". Hotuba ambayo haijajazwa ni dondoo, ukisema kiunzi cha hotuba nitakuvumilia, "mifupa ya hotuba" sikuvumilii. Ofisi ya sikukuu yenye watu wawili watatu, ambayo Waingereza wanasema ina wafanyakazi wa skeletoni, sisi tunasema ina watu wa zamu. Na ule ufunguo mmoja unaofungua vitasa vyote, ambao Waingereza nao wanautaja kwa skeletoni, sisi tunauita ufunguo malaya, neno kali kidogo kwa darasa la sita, kwa hiyo hapo mwalimu utaangalia mwenyewe.