Kontena la Chaki Uani: Kuwalea Watoto Wanaowakumbuka Wakristo Wanaoteswa

Alhamisi moja mwaka jana, saa sita mchana, niliwatoa watoto wangu watatu nje na kipande cha chaki. Kijana wangu wa kati alishika futi ya kupimia, kitinda mimba akashika ncha yake, dada yao akaandika namba. Tukachora kwenye saruji ya uani mstatili wa mita 6 kwa mita 2.4. Hicho ndicho kipimo cha kontena la futi 20. Hapa Kitengela watoto wanayajua makontena; karibu kila stendi ina moja lililotobolewa dirisha likawa duka la vifaa vya ujenzi au la M-Pesa.

Nikawaambia waingie ndani ya mstari, wakae chini, wasitoke mpaka niseme. Jua lilikuwa la utosi. Nikaanza kuwasimulia habari za Helen Berhane, mwimbaji wa nyimbo za injili kutoka Eritrea, aliyekamatwa mwaka 2004 akafungiwa ndani ya kontena la chuma katika kambi ya kijeshi ya Mai Serwa, karibu na Asmara. Mchana chuma kinachoma, usiku baridi ya nyanda za juu inaingia hadi kwenye mifupa. Alitakiwa atie sahihi karatasi ya kuiacha imani yake, akakataa. Alikaa kizuizini zaidi ya miaka miwili.

Kitinda mimba, wa miaka mitano, aliinua mkono kama tulivyomzoesha. "Mama, choo kilikuwa wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimjibu kweli, kwa maneno machache, na nikawaona wote watatu wakiangalia kona za ule mstatili. Binti yangu naye akauliza kama Helen alikuwa na mtoto. Ndiyo, alikuwa na binti. Aliachiliwa mwaka 2006, na baadaye akapata hifadhi Denmark pamoja na binti yake. Walikaa ndani ya chaki dakika kumi na mbili. Tangu siku hiyo sijahitaji kuwakumbusha kuiombea Eritrea.

Naandika haya kwa sababu kina mama kadhaa tunaosomesha watoto nyumbani wameniuliza swali moja: mtoto mdogo unamwelezaje habari za watu kufungwa na kuuawa kwa ajili ya Kristo bila kumjaza hofu? Mimi si mtaalamu wa malezi. Nilicho nacho ni miaka ya kufundisha kwenye meza ya kulia chakula, na makosa niliyoyafanya papo hapo.

Sisi hatukupanga kusomesha nyumbani. Machi 2020 shule zilipofungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, kifungua mimba wetu alikuwa na miaka mitano. Januari 2021 wanafunzi wote waliporudi, mume wangu na mimi tulikuwa tumeshaomba na kuamua kwamba yeye hatarudi. Asubuhi kila mmoja anajiwekea malengo ya kurasa zake, kufikia saa saba vitabu vingi vimefungwa, mchana ni kuku, sukuma wiki, kupika na kusoma kwa sauti. Wengi wenu mnaujua mzunguko huo, sina haja ya kuueleza. Ninachokipenda kwake ni kwamba tunaweza kulikalia jambo moja siku nzima bila kengele kutukatiza.

Alhamisi tuliichagua iwe siku ya kuwakumbuka Wakristo wanaoteswa, na sababu ni Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 ilikuwa Alhamisi, kesho yake Ijumaa Kuu. Binti yangu alikuwa na miezi mitatu. Nilikuwa namnyonyesha huku redio ikitangaza habari za Chuo Kikuu cha Garissa: wanafunzi waliovamiwa wakiwa kwenye maombi ya alfajiri, wengine waliotolewa mabwenini na kuulizwa dini zao. Waliouawa walifika 148. Siku zilizofuata wazazi walikuwa Chiromo, Nairobi, wakisubiri kutambua miili ya watoto wao. Nilimwangalia mtoto mapajani mwangu, nikamwambia Mungu kwamba huyu hatakua bila kuwajua ndugu zake. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo siku yetu. Tunamchukua muumini mmoja au kijiji kimoja, tunakitafuta kwenye ramani, tunasoma habari zake, tunaomba, na jioni tunakula chakula chepesi, mara nyingi uji na viazi vitamu. Fedha iliyobaki inaingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa kifuniko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa picha. Binti yangu akiwa na miaka sita nilimwonyesha kwenye simu ile picha ya wanaume ishirini na mmoja waliovalishwa nguo za rangi ya machungwa, wakitembezwa kwenye ufuo wa Libya kwenda kuuawa, Februari 2015. Sikumwonyesha mauaji. Nilidhani matembezi yale peke yake hayana neno. Wiki mbili alilala taa ikiwaka, na baba yake alipotaka kusafiri kikazi kwenda Mombasa alimshika suruali akilia, asiende baharini. Nilimwomba mtoto msamaha. Nilimbebesha mzigo ambao hata mabega yangu mimi mama yake yanauona mzito.

Sasa picha za namna hiyo haziingii kwetu kabisa, na masimulizi yenyewe nimeyageuza. Wale ishirini na mmoja tulirudi kwao mwaka uliofuata, tukaanzia nyumbani kwao. Ishirini walikuwa Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, wengi wao wa kijiji cha Al-Our mkoani Minya, mafundi na vibarua walioenda Libya kutafuta riziki kama vijana wetu wanavyokwenda Ghuba. Mmoja, Matthew Ayariga, alitoka Ghana. Tulizungumza juu ya fedha walizokuwa wakituma nyumbani, juu ya wake na mama zao. Kifo chao tulikitaja mwisho, kwa sentensi mbili, kisha tukazungumza habari za kanisa lililojengwa kijijini kwao kwa kumbukumbu yao. Usiku ule watoto walilala vizuri. Mzazi mwenzangu, anzia kwenye maisha ya mtu: kazi yake, kijiji chake, watu wake. Mtoto akishampenda, ataweza kumlilia bila kumwogopa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba jina, nchi, na kwamba mtu huyu anampenda Yesu na amefungwa, vinatosha. Akiuliza zaidi, mjibu alichouliza, usimwongezee. Kuanzia miaka minane au tisa tunaingia kwenye sababu, na hapa nawasihi tusiwe wavivu. Eritrea, tangu Mei 2002, serikali inaruhusu makanisa ya Kiorthodoksi, Kikatoliki na Kilutheri, pamoja na Uislamu wa Kisunni, mengine yalifungwa. Lakini usidhani walioruhusiwa wamesalimika: Patriaki Antonios wa Kanisa la Kiorthodoksi la huko huko aliondolewa kwenye kiti chake akawekwa kizuizini nyumbani hadi alipofariki mwaka 2022. Nigeria ya kati, mauaji ya wakulima Wakristo yamechanganyika na ugomvi wa ardhi na malisho. Mtoto anayefundishwa kwamba kila kitu kina sababu moja atakuja kudanganyika kirahisi akiwa mkubwa.

Na kudanganyika ninakujua. Mwaka fulani ulinifikia kwenye WhatsApp ya ushirika wetu ujumbe wa kuwaombea wamisionari 22 waliohukumiwa kuuawa kesho yake Afghanistan. Niliusambaza kwenye makundi manne. Watoto waliomba siku tatu, kijana wangu akakataa hata mandazi kwa sababu alikuwa amefunga. Ni mume wangu aliyeketi kuutafuta ukweli, akakuta ujumbe ule umezunguka dunia miaka na miaka, na kwamba tukio linalofanana nalo ni la Julai 2007, Wakorea 23 wa kanisa moja walipotekwa na Taliban. Wawili waliuawa, wengine wakaachiliwa kufikia mwisho wa Agosti mwaka ule ule. Ilibidi nirudi kwenye makundi yote manne kusahihisha, na nikawaeleza watoto mbele ya chakula kwamba mama alisambaza habari bila kuihakiki. Tangu hapo, hakuna jina linaloingia kwenye Alhamisi yetu kabla sijaona tarehe, mahali, na angalau vyombo viwili vinavyoaminika vimeitaja. Wanaoteseka kweli ni wengi. Hawahitaji msaada wa uongo.

Jambo jingine lilinishtua mimi mwenyewe. Afisa mmoja wa mtaa alipita kwetu saa nne asubuhi, akauliza kwa adabu kwa nini watoto hawako shule. Ni swali halali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na suala la kusomesha nyumbani limeshafika hadi mahakamani. Tulimkaribisha chai, tukamwonyesha madaftari. Alipoondoka nikamsikia kijana wangu akimwambia mdogo wake, "Na sisi tunateswa kwa ajili ya Yesu."

Nilimrudisha tukakaa. Nikamwambia hapana, baba. Kuulizwa swali si kuteswa. Shangazi yako kusema tumekosa karo si kuteswa. Majirani kucheka si kuteswa. Tukaenda uani, mistari ya chaki ilikuwa imebaki nusu, nikamwambia hayo ndiyo mateso. Ndugu zangu, familia zetu zina jaribu hili, la kuyakuza maudhi yetu madogo na kuyavika jina ambalo wenzetu wanalilipia kwa damu. Waebrania 13:3 inatuagiza tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Kukumbuka huko kunaanza kwa kujua kwamba sisi tuko nje.

La chuki nalisema kwa uzito. Mlango wa pili kwetu anaishi mama Mwislamu ambaye watoto wangu wanamwita shangazi; kitinda mimba akiwa na homa, yeye ndiye aliyetuletea supu. Baada ya somo la Garissa binti yangu alianza kumkwepa. Nikagundua somo langu lilikuwa limekatika katikati. Alhamisi iliyofuata niliwasimulia habari za Salah Farah, mwalimu Mwislamu wa Mandera. Novemba 2014 basi lilikuwa limetekwa huko na watu 28 wasio Waislamu wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak, na wauaji wakaamuru abiria wajitenge kwa dini. Safari hii Waislamu walikataa. Wakasema waueni wote au waacheni wote. Salah Farah alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Binti yangu alinyamaza, kisha akaniomba ruhusa aende mlango wa pili. Sikumuuliza alikwenda kusema nini. Nyumbani kwangu Garissa haifundishwi tena bila Mandera.

Halafu, kama kuna aliyepitia haya karibu nawe, mwite, na umsikilize kuliko unavyomsimulia. Mtaani kwetu kuna fundi cherehani, mama kutoka upande wa Beni, Kongo, ambako waasi wa ADF wamechoma vijiji na kuua watu hata makanisani. Januari 2023 walilipua bomu katika kanisa la Kasindi wakati wa ibada ya Jumapili. Nilipomkaribisha nilikuwa nimeshaandaa maswali yangu, yote ya huzuni. Alipoketi alitaka kwanza kuwafundisha watoto wimbo, kwa Kiswahili chao kitamu cha Kongo. Nilipomuuliza tuombee nini, nilitarajia atasema amani. Akasema, "Muombee watu wa kakao." Akatueleza kwamba wakati wa kuvuna kakao ndio watu wanaviziwa shambani, asiyekwenda analala njaa, anayekwenda huenda asirudi. Tuombe wavune na warudi. Ningeendelea kusema "Bwana uwape amani Kongo" miaka kumi bila kujua kwamba ombi lenyewe lina gunia na panga na njia ya kurudi nyumbani. Sasa kijana wangu akiombea Beni anaombea kakao.

Barua nazo tumeziandika, saba hadi sasa, kupitia huduma zinazozifikisha kwa wafungwa. Ziwe fupi. Usiitukane serikali yao, usitaje siasa, usiandike anwani yako kamili, usieleze ulipataje jina lao. Neno moja la ovyo linaweza kumwongezea mtu adhabu. Mistari mitatu ya upendo na mchoro wa mtoto vinatosha. Kitinda mimba huchora kuku wetu.

Hatujapata jibu hata moja, na nimewaambia watoto wasilingojee. Wiki hii ni zamu ya Leah Sharibu, mmoja wa wasichana 110 waliotekwa katika shule ya Dapchi, Nigeria, tarehe 19 Februari 2018 akiwa na miaka 14. Wengi wa wenzake walirudishwa mwezi uliofuata. Yeye alikataa kumkana Kristo, waliomteka wakabaki naye. Binti yangu amepiga hesabu ya umri wake wa sasa, akaiandika kwa penseli kwenye ramani, pembeni ya Yobe, jimbo lenye Dapchi. Ameniambia anatumia penseli kwa sababu kila mwaka itabidi aifute na kuandika upya, mpaka Leah arudi nyumbani.