Usikimbie kilomita 42 za mtandaoni peke yako kwa kompaundi, tafadhali

Wewe uliyeuliza jinsi ya kubaki na furaha kwenye marathon ya mtandaoni mwezi ujao, umeandika utazunguka ndani ya kompaundi alfajiri na hutamwambia mtu "ili kusiwe na presha". Hapo pa kutomwambia mtu nimesoma mara mbili mpaka chai imepoa. Usifanye hivyo!

Mimi nilifanya hivyohivyo. Tarehe 4 Oktoba 2020, London Marathon ilipohamia mtandaoni kwa sababu ya korona, tulipewa masaa 24, kila mtu akimbilie kwao, simu ihesabu mpaka ifike kilomita 42.195. Kutembea ruksa, kupumzika ruksa. Nairobi kafyu ilikuwa inaisha saa kumi alfajiri na saa kumi na robo nilikuwa nimeshaanza. Kuzunguka esteti yetu mara moja ni kama mita 600, sasa piga hesabu, ni mizunguko 70. Sikumwambia mama watoto, sikumwambia ndugu yangu, hata majirani wa mlango mmoja hawakujua. Maji niliweka juu ya kreti la soda karibu na tangi, chupa tatu na ndizi mbili, basi.

Mizunguko kumi ya kwanza raha tupu. Kufika wa 20 na kitu soja wa geti akanisimamisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Boss, kuna kitu umepoteza?" Cheka tu, wote wakisikia hiyo hucheka, lakini niambie, huyo ndiye binadamu wa pekee aliyeniongelesha siku ya marathon yangu, na hakujua kama ni marathon. Kutoka hapo kichwa kikaanza kunigeuka. Nikawa naangalia simu kila kona, nafungua orodha ya waliomaliza, naona watu wa nchi zingine wananipita, narudisha simu mfukoni, naitoa tena. Kona zote nilikuwa napinda kushoto kwa hiyo goti la kushoto likaanza kulia. Mzunguko wa 48, kilomita 28 na ushee, nikakaa kwenye lile kreti. Nilikuwa na masaa mengi sana yamebaki, ningeweza hata kutembea nikamaliza kabla ya lunch, lakini hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia inuka. Nikazima simu nikapanda ngazi.

Na hapo sijafika penye kuuma. Mama watoto alikuja kuambiwa na soja, siku mbili baadaye. Aliniangalia tu akasema, "Kumbe ulikuwa hapo chini saa zote hizo? Si ungeniambia nikae kwa balkoni na watoto." Balkoni yetu inaangalia ile kona ya tangi, yaani ningepita chini yao mara 70. Nilikaa miezi minne bila kugusa viatu vya mbio.

Anayenichoma roho mpaka leo ni kocha mmoja wa grupu ya WhatsApp, alikuwa akituandikia kila asubuhi kwamba bingwa hahitaji makofi, jifungie, mwangalieni Kipchoge. Kipchoge gani? Bingwa huyo wa marathon alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna 2019 alikuwa na wakimbiaji 41 wa kumwekea kasi na umati pembeni ya barabara. Na siku ileile niliyokaa mimi kwenye kreti, yeye alikuwa London anazungushwa St James's Park mizunguko 19 na zaidi bila mashabiki, sikio likamziba, akamaliza wa 8. Sisemi ni kwa sababu ya mashabiki, ila usimtumie yule mtu kufundisha watu upweke, kocha, ni makosa.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Oktoba 2021, nilirudia hiyo London ya mtandaoni kwa njia nyingine. Niligawa kilomita za Thika Road kwa watu. Dada yangu alisimama Kahawa Sukari na maji, binamu akawa Ruiru, mama mboga wetu wa Githurai nilimwambia tu nitapita saa moja na nusu. Alinisubiri na ndizi ameshaimenya, ananipigia kelele "Twende baba, twende!" mpaka makanga wakaanza kushangilia pia bila kujua ni nini. Orodha ya simu sikuifungua hata mara moja. Nilimaliza, na kipande cha mwisho watoto walikimbia na mimi kutoka getini.

Kwa hiyo mtu mmoja kila kilomita tano au sita, na umwambie saa utakayopita, ili ukichelewa ajue kuna mtu hajafika. Kafyu yenyewe iliondolewa siku ya Mashujaa, Oktoba 2021, kompaundi ya nini tena? Uliuliza pia viatu na medali, hayo wengine watakujibu. Wewe niambie ni Jumapili gani, na kama unapita Thika Road mimi nitasimama Githurai.